Mkanda wa Adui Uliomsafisha Mvushaji

Saa mbili asubuhi, Dilara Mridha anafungua kopo la bati na harufu kali ya siki, ya filamu inayooza, inatapakaa chumbani. Anachovya pamba katika spiriti, kisha anaipitisha juu ya filamu taratibu, kama anayemfuta mtoto usingizini.

Dilara, 61, ni fundi wa kukarabati filamu za kale jijini Dhaka. Kazi hii ameifanya kwa miaka 31.

Mwaka jana aliletewa mkanda wa dakika kumi na nne, uliopigwa mwaka 1971 na mpigapicha wa jeshi la Pakistan akiwa kwenye boti ya doria mtoni, wakati jeshi hilo lilipokuwa limeikalia Bangladesh katika vita vya uhuru.

“Dada Dilara, huo ni wa adui, tena umeoza. Utupe,” mkuu wake alimwambia.

“Adui ni mpigapicha, bosi. Mto ni wetu.”

Aliushughulikia kwa wiki kumi na moja, akiunga kila mahali palipochanika. Siku moja akauona ukingo wa mto wa kijiji alichokulia, karibu na Jhalokathi, na Jobbar, mvushaji wa watu, akiwaelekeza askari njia.

Kijijini ilijulikana hivyo: Jobbar aliwaongoza maadui, akaondoka nao, hakurudi. Bintiye, Kohinur, alikua akizomewa.

“Hata mimi nilimzomea,” anasema Dilara. “Nilimrushia matope.”

Lakini mkanda ulikuwa unaendelea. Mkono wa Jobbar ulielekea kushoto. Wapiganaji wa uhuru, kama kijiji kizima kilivyojua, walikuwa wamejificha kulia. Picha iliyofuata ilionyesha boti imenasa topeni, na askari wameshuka kuisukuma, tope likiwafika mapajani.

Dilara alizima mashine, akalia. Kesho yake alipanda meli kwenda kijijini kumchukua Kohinur, ambaye sasa ana miaka 67.

Huko Dhaka, Kohinur aliutazama mkanda hadi mwisho.

“Kumbe ndiyo maana hawakumrudisha,” alisema. Kisha akamgeukia fundi. “Na wewe ulinirushia matope.”

“Nilikurushia, dada. Nisamehe.”

“Tena ulikuwa na shabaha, mwanaharamu wee!” Wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Desemba hii, Siku ya Ushindi inayoadhimisha mwisho wa vita hivyo, Dilara atauonyesha mkanda huo kwenye ukuta wa shule ya kijiji. Kohinur amekwishachagua kiti cha mbele, na ametoa sharti moja.

“Askari wakinasa, usimamishe picha hapo hapo,” amemwagiza. “Watu wacheke mpaka washibe. Halafu washa taa, nisimame, wamtazame vizuri binti wa Jobbar.”