Pasipoti kwenye Lango la Maji

Naungama mwenyewe kabla majirani wa Crescent Town hawajasikia kwingine. Kiangazi hiki nilikodi boti, nikasafiri peke yangu kwenye mfereji nje ya Toronto. Kwenye lango la kwanza la maji alisimama mtu mwenye sare. Ombi langu la uraia lilikuwa bado halijajibiwa, na mipaka naijua. Nikampa pasipoti, kisha nikapanga nguo zangu zote juu ya ukuta wa mfereji azikague, hata chupi. Boti sita zikangoja nyuma.

Mama mmoja Mkongo aliyekuwa akipumzika ukingoni alinisikia nikijisemea Kiswahili.

“Papa, unahama?”

“Nakaguliwa mpakani, mama.”

“Mpaka gani? Huku Kanada, kule Kanada!”

Mwenye sare akanirudishia pasipoti bila kuifungua.

“Bwana, mimi napandisha maji tu, boti zipande zipite.”