Vipepeo Niliowalaza kwenye Nyasi

Mwanangu, nianze kwa kukiri: niliharibu hazina ya mtu kwa asubuhi moja, na cheti changu cha sekondari kikiwa sandukuni. Nakumbuka, ilikuwa enzi za Mwingereza, hapa Maruku, na wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutuona. Nikataka wajue binti yao anaolewa na msomi. Basi nikaenda Kibeta kwa Mwalimu Yohana kuazima picha zake za vipepeo na nondo.

Zilikuwa karatasi sita za kale, alizoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Mistari ilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, kisha mtu akapaka rangi kwa brashi, bawa moja moja. Mwalimu alifundishia watoto kwa hizo. Nyingine hakuwa nazo. Akaanza kunieleza zinavyotunzwa. Nikamkatiza, kwa neno letu la heshima: "Najua, waitu."

Najua nini? Sikujua hata kipepeo analala wapi.

Nyumbani tulikuwa tumetandika nyasi mbichi sakafuni, kama tufanyavyo kwa mgeni wa heshima. Nikaona picha nazo ni wageni. Zilikuwa zimejikunja, nikazilaza kifudifudi juu ya nyasi ili zinyooke, nikaenda kuoga. Nyasi zilikuwa na umande. Niliporudi, rangi ilikuwa imehamia kwenye nyasi, karatasini imebaki mistari na madoa. Wageni walipofika, mjomba wa binti alizitazama kwa adabu zake zote, akauliza hao wadudu wanaumwa nini.

Kesho yake nikazifunga kwa kitambaa, nikamkabidhi mke wa Mwalimu mlangoni, nikaondoka kabla hajafungua. Tangu hapo njia ya Kibeta niliiacha. Watu husema napenda mno kukaa nyumbani. Waache waseme.

Sasa nyinyi vijana mnanichosha. Mtu hajamaliza kusema, mmeshajibu "najua". Mnajua, mnajua, na vitu vya watu vinaharibika. Mwanangu, ukipewa kitu cha mwenzio, uliza kinashikwaje, kinawekwa wapi, kinaogopa nini. Kisha nyamaza usikie mpaka mwisho. Kuuliza hakutakupunguzia darasa hata moja. Mungu akupe masikio, akukinge na haraka yako, na watu wasiogope kukuachia vyao.

Haya nilimsomea jirani yangu Bi Zaituni kabla ya kuyatuma. Alisikiliza yote, akakung'uta kanga yake, akasema: "Mwalimu amekufa hujamwomba radhi. Hilo umeliruka."