Somoe na Gunia la Ufuta

Sisi tuliokulia Matambarale, tukicheza rede mpaka magoti yanachubuka, si kuinamia simu kama wanangu hawa, tunaujua msimu wa salfa. Mashine ya kuipulizia mikorosho dawa hiyo ikinguruma tunaikimbilia, tunarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mdogo wangu Somoe yeye aliziba masikio, akapiga mayowe na kujing'ata mkono.

Na tulivyomkosea, jamani! Kwetu mtoto akilia hivyo, majirani wote wanajaa uani. Huyu anapiga makofi, yule anaimba, mwingine kaleta ngoma kabisa. Nia njema tupu, na Somoe ndiyo kwanza anazidi. Wakasema ana mashetani. Baba akaamua ampeleke kwa shangazi Kilimarondo, akakae huko moja kwa moja.

Mama akasema, "Mwanangu haendi." Siku hiyo mashine ilipowaka aliwafukuza wote, mimi nikiwemo, akamwingiza Somoe chumba cha mavuno na kufungua gunia la ufuta. Nilichungulia mlangoni. Somoe alizamisha mikono mpaka viwiko, akawa anauchota na kuumwaga. Mama alikaa kando yake bila kusema neno, mpaka mtoto akaacha kutetemeka.

Ikawa hivyo kila mara. Wanawake kisimani wakamsema, "Mama Hadija, unamdekeza huyo." Nyumbani mama akaniuliza, "Eti Hadija, namharibu mdogo wako?" Nikabetua mabega. Baba alinuna siku kadhaa, lakini safari ya Kilimarondo akaacha kuitaja. Msimu uliofuata alianza kupita ndani kabla ya kuwasha mashine yake ya salfa: "Somoe, mashine inakuja."

Sasa naishi na Somoe hapa Nachingwea, ni mtu mzima. Juzi shuleni kwa wanangu mwalimu alizungumza nasi wazazi kuhusu usonji. Punguzeni kelele, mwambieni mtoto mapema, mpeni kitu cha kushika, kaeni naye kimya. Akina mama vijana wanaandika, mimi machozi yananitoka. Enzi zetu mtoto akilia kijiji kizima kilikuja, ila hatukujua la kufanya. Leo wanajua, na jirani hata mlango hafungui.

Mama tulimzika zamani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alipatia. Hata mimi, aliyeniuliza, sikumwambia.