Mguu Nilioambiwa Nisiuguse

Niliambiwa nisiuguse ule mguu, nikaugusa. Nalisema mapema nisimzungushe mtu, maana mwenyewe nimechoka.

Mjukuu wangu wa kike nimemlea tangu ana miaka mitatu. Sasa ana kumi na tano, tunakaa Tabata, na anacheza mpira. Sikumtuma. Jirani alikuwa akipita mlangoni ananiambia, "Bibi, huyo mkemwenza wako ataota misuli ya mbeba zege." Namjibu, "Afadhali. Wako ana miguu laini na hata dukani hatumiki."

Kocha wao ni kijana wa bara, fundi wa kuchomelea mageti. Kutwa anachomelea, saa kumi jioni yuko uwanja wa shule ya msingi na wasichana ishirini na mipira mitatu.

Siku ile ya mguu, wenzake wawili walimleta mjukuu wangu wamemshika huku na huku, anaruka kwa mguu mmoja. Kocha yuko nyuma kabeba viatu vyake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmemfanyaje?"

"Kifundo kimeteguka. Tumetoka zahanati, mfupa ni mzima. Naomba, bibi, siku tatu hizi ni barafu tu na mguu ukae juu ya mto. Usiuchue. Wala usimkande na maji ya moto."

Sasa mie mtu kuniambia nisichue. Kuchua nimefundishwa na mama yangu huko Newala, kocha huyo hajazaliwa. Hapa mtaani naletewa shingo zilizolala vibaya, mabega ya wabeba mizigo, watoto walioanguka ukutani. Shule niliishia darasa la nne, lakini mguu nikiushika najua umetoka wapi.

Halafu kulikuwa na jambo. Siku kumi na mbili mbele, timu moja kubwa ya wanawake, ile inayolaza wasichana kambini na kuwasomesha, ilikuwa inachagua wachezaji uwanja fulani upande wa Temeke. Kocha alikuwa ameshamwandikisha mjukuu wangu. Nafasi kama hiyo kwetu haiji kila mwaka. Nikasema moyoni, barafu itamlaza huyu, mie nitamsimamisha.

Barafu niliinunua kweli, ya mfuko, kwa jirani mwenye friji. Nikamwekea mara moja, ili nikiulizwa nisiseme uongo. Kisha nikachemsha maji ya chumvi, nikamkanda, nikapaka mafuta ya nyonyo, nikavuta. Mtoto analia.

"Bibi, mwalimu kasema..."

"Mwalimu wako ndiye mwenye mguu?"

Asubuhi kifundo kimekuwa kama papai, ngozi inang'aa.

Kocha alipita kabla ya kwenda kazini. Akautazama mguu, akanusa mafuta. Nilikuwa nasubiri maneno yake na ya kwangu nilishayapanga. Akasema tu, "Safari hii hachezi, bibi." Akamgeukia mtoto. "Lakini jioni unakuja."

"Nije kufanya nini, mwalimu?"

"Kukaa."

Siku ya uchaguzi ikapita yeye kakaa. Ikawa mie ndiye wa kumpeleka uwanjani kila jioni, maana fimbo ya kutembelea aliyopewa na jirani ilikuwa inazama mchangani. Nikimfikisha sina nguvu ya kurudi nyumbani kisha nije tena, basi na mie nakaa.

Kocha alimkalisha juu ya ndoo aliyoipindua. Pole hakumpa. Mpira ukitoka nje anamgeukia: "Nani alikuwa peke yake?"

"Sijui."

"Haya, tazama."

Mpira ukitoka tena: "Nani alikuwa peke yake?" Wiki ya kwanza mtoto ana kisirani, anajibu huku anachora mchanga kwa kidole. Mwenzake mmoja akaja kumchokoza. "Mwenyekiti, umeiona ile pasi yangu?"

"Nimeiona. Umempa muuza karanga."

Walicheka wote, kocha naye. Ndipo nikajua kumbe anatazama. Wiki ya tatu anasema kabla hajaulizwa: "Yule wa kushoto, mwalimu, kila saa wanamwacha." Kocha anasimamisha mchezo, anawapanga upya kama alivyosema huyu wa kwenye ndoo.

Mpira mie siujui. Nilichokiona ni mtu aliyeshinda kwenye moto, macho mekundu, anauliza swali lile lile jioni nzima na sauti haipandi. Mie mtu akinirudisha kwenye swali moja mara tatu, natafuta mwiko.

Mwezi uliofuata ikaja habari kwamba ile timu imebakiwa na nafasi mbili, watachagua tena Jumamosi. Mtoto alikuwa anatembea vizuri, anakimbia kidogo. Kila anayemuuliza anamwambia hasikii maumivu. Alhamisi kocha akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, mie namwona anakimbia, lakini ananificha. Wiki ya uchaguzi wote hunificha. Wewe unajua kushika. Ushike, uniambie."

Sikujua kama ananiheshimu au ananiadabisha. Mtoto akaweka mguu mapajani mwangu. Nikapitisha kidole gumba nyuma ya kifundo, kuna joto, si kubwa. Nikauzungusha taratibu, ukafika mahali ukashika, na yeye akaacha kuvuta pumzi. Uso hakuukunja. Alikuwa ananitazama mie tu. Huyu tangu mdogo akitaka kitu sana haongei, anakutazama.

Na mie ndiye niliyemkosesha mara ya kwanza. Neno moja tu, "kapona," na ningekuwa bibi mzuri hapo hapo.

Nikasema, "Bado."

"Bibi."

"Bado. Ukipigwa teke hapa utakaa mwaka mzima."

Akainuka, akaingia ndani, akavuta pazia. Kocha akainama anatazama mikono yake, imejaa alama za cheche.

"Nitawapigia simu," akasema. "Na mtoto nitamwambia ni mie niliyekataa."

"Mwache. Mwambie ni mie."

"Atakuchukia, bibi."

"Keshanichukia. Wewe akikununia hatakusikiliza uwanjani. Mie akininunia atafanya nini, ahame?"

Hakucheka. Aliaga, akaenda zake.

Jumamosi nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Mtoto alilala mpaka adhuhuri. Leo ni siku ya sita hajanisemesha. Maji anateka, vyombo anaosha, na ikifika saa kumi anatoka na viatu vyake mkononi bila kuaga. Namtazama anavyokata kona. Ule mguu bado anauhurumia akikanyaga, kidogo sana. Asiyejua kushika hawezi kuona.