Kiini cha Yai na Ini la Kaka Yangu

Nakumbuka, mwanangu Petro, asubuhi ile kaka yangu Daudi alipoamka macho yake yamegeuka manjano. Tulikuwa tunakaa Mabwerebwere, huku huku Kilosa, kwa baba yetu aliyekuja Kilosa kufanya kazi ya reli akabaki hapa hapa. Daudi alikuwa anakunywa pombe kali ya gongo, nisikufiche. Mama, kwa huruma yake, akamfichia mayai yote. Kwetu tuliamini mgonjwa wa manjano akila kiini cha yai, umanjano unazidi. Akawa anamchemshia mizizi, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Daudi akakonda, tumbo likaanza kujaa. Niliogopa, maana yeye ndiye aliyekuwa akinitetea kwa baba.

Tukampeleka hospitali ya misheni, Berega. Daktari alikuwa mtu mzima, mkali kidogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaanza kumbonyeza Daudi tumbo. Mama alipomweleza mgonjwa anapewa nini na ananyimwa nini, daktari akaondoa mkono tumboni.

“Mama, hiyo mizizi iacheni leo. Ini lenyewe limechoka, na ndilo linalohangaika kuichuja. Mayai mpeni.”

“Na huo umanjano je?” mama akauliza.

“Hautoki kwenye yai. Ni nyongo ambayo ini limeshindwa kuitoa.”

Akavuta kiti, akatueleza taratibu. Kila seli ya ini imezungushiwa utando mwembamba, na utando huo umejengwa kwa mafuta yanayoitwa fosfolipidi. Pombe inauharibu. Ini linajua kujitengeneza lenyewe, lakini linahitaji mafuta hayo, nayo yamo kwenye kiini cha yai na kwenye soya.

“Ila akiendelea kunywa,” akamgeukia Daudi, “mayai ya Kilosa nzima hayatakusaidia.”

Daudi aliacha. Usidhani ilikuwa rahisi, alilia kama mtoto. Mama alimchemshia yai kila asubuhi, akakaa pembeni mpaka alimalize. Baba yako mkubwa unamjua alivyo sasa, kitambi na utani wake.

Jana nimeviona vidonge vya ini ulivyonunua Mikumi. Nikasoma boksi, nikacheka peke yangu: neno ni lile lile, fosfolipidi. Sikukatazi. Lakini nimeiona na chupa chini ya kiti cha gari lako, na ulipokuwa unakula nilikuangalia macho, nikayaona yana umanjano, nikakosa usingizi. Huwezi kukandika nyumba huku mvua inaipiga.

Basi nakuomba, acha pombe kwanza. Ikikushinda peke yako niambie, tutakwenda wote hospitali, wala sitakusema kwa mtu. Upimwe ini, na vidonge hivyo umwonyeshe daktari. Dawa za mizizi usiziguse. Kula mayai, kula maharage, lala. Ini lina huruma kuliko sisi, ukiliacha lipumzike mapema linasamehe mengi.

Nimeshazika wengi, mwanangu, na mikono yangu imechoka. Mungu akulinde, akurudishie nguvu zako, ili siku ikifika, wewe ndiye unizike mimi.