Kufuli Mbili kwenye Mlango Mmoja

Nilipofika Johannesburg niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba wanaume wawili wakikaa chumba kimoja mwaka mzima, serikali ya huku inawaandika kuwa wameoana. Haiulizi. Inaandika tu, na siku ukienda kuoa mwanamke unaambiwa samahani, wewe tayari una mume. Habari hiyo niliipata saluni ya Wakongo, kwa kinyozi aliyekuwa ameniwekea wembe shingoni, na mtu mwenye wembe shingoni mwako humbishii.

Nilikuwa naishi na fundi cherehani wa Bukavu, mtu mwema kuliko watu wote wa bara hili. Tulichangia chumba kama wageni wengi walivyochangia: kitanda chake dirishani, changu mlangoni, sufuria ya ugali moja. Mimi nilikuwa na mchumba Tanga. Mahari nilishapeleka, na baba yake alikuwa mtu wa kupekua. Angeweza kujua hata mboga niliyokula jana. Kila nikifikiria mzee yule anaambiwa mkwe wake ana mume wa Bukavu, jasho lilinitoka la kujaza ndoo.

Nikamweleza fundi. Akaweka mkasi chini.

"Ndugu yangu, miye niko na bibi na watoto," akasema. "Serikali itanioza namna gani na wewe? Hata kupika hujui."

"Kwa hiyo tatizo lako ni mapishi?"

"Kwanza mapishi. Kisha ile ingine."

Tukaamua kuionyesha serikali kwamba sisi ni nyumba mbili. Akashona pazia kutoka ukuta hadi ukuta, zito hata risasi isingepita. Tukanunua sufuria ya pili. Mlangoni tukatia kufuli mbili, yake na yangu, kila mtu na ufunguo wake, ili mkaguzi akija ajionee mwenyewe. Mkaguzi hakuja. Ila sasa hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake. Leo mimi nimekaa kwenye ngazi namsubiri arudi kutoka kwa wateja wake Midrand, kesho yeye amekaa pale pale ananisubiri nitoke shule ya jioni. Majirani wakaanza kusema hawajapata kuona watu wanaopendana kama sisi.

Shule yenyewe ilikuwa Marshalltown, juu ya duka la mablanketi, na kila nilicho nacho leo kilianzia kwenye ngazi zake. Mwalimu wetu, mama wa Soweto mwenye sauti ndogo, alitufundisha Kiingereza kwa kutugombanisha. Wakati ule redioni walikuwa wanabishana juu ya maofisa wa serikali. Ndoa ya wanaume wawili au wanawake wawili ilikuwa halali huku tangu siku nyingi. Ugomvi ulikuwa kama ofisa aruhusiwe kukataa kuifungisha kwa kuwa dhamiri yake haitaki.

"Analipwa na kodi yetu, asichague watu," alisema Mkenya mmoja, mlinzi wa benki Sandton. "Akikataa kazi, aache na mshahara."

"Wewe kaka unaongea mshahara, mimi naongea roho," msusi wa Kikongo akamjibu. "Serikali isimlazimishe mtu atie sahihi kitu moyo wake unakataa."

Nikasimama. Nikasema wote wawili wana hoja, lakini serikali ingeanza kwa kuuliza. Inawezekanaje inioze kwa fundi cherehani bila hata kunipigia simu?

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Pretoria. Mke wangu, yule yule wa Tanga, akisimulia kisa hiki siku hizi huongeza kufuli ya tatu. Ila mwalimu hakucheka, na alikuwa na sababu kuliko sisi sote za kuchoshwa na mjadala ule. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akasikiliza yote: pazia, sufuria, mchumba, baba mkwe. Simsahau kwenye dua zangu.

"Serikali haimwozi mtu ambaye hakwenda mwenyewe kuomba," akasema. "Wanakwenda wawili, wanaulizwa wote wawili, wote wawili wanasema ndiyo. Mimi na mke wangu tulikwenda hivyo, na ofisa wa kwanza akatukatalia, ikabidi tutafute mwingine. Wewe hukuomba, kwa hiyo hujaozwa. Toeni hizo kufuli, na umlete mchumba wako."