Kichwa cha Muuza Mkaa

Mdogo wangu aliwaambia wateja wangu kwamba mimi ni mvivu, kisha akakikalia kiti changu. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kusuka nilimfundisha mimi, kwenye nywele zangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeugua homa. Homa iliondoka, nguvu nazo zikaifuata. Nikishika kitana, mkono unakuwa mzito kama nguo iliyolowa. Muuguzi aliniambia nipumzike kabla sijachoka. Nilimcheka moyoni, tangu lini mtu akapumzika kabla ya kuchoka? Asubuhi moja nikaamka mwepesi, nikafua mablanketi yote, nikaenda saluni kumsuka mteja. Katikati ya kichwa chake chumba kikaanza kuelea, nikajikuta sakafuni. Mdogo wangu akaumalizia upande uliobaki, na huku anasuka anasema, wanawake wote kwenye benchi wanamsikia: "Dada haumwi. Kazi tu imemshinda."

Tangu siku ile wakaniita Nusu Kichwa. Nami nikalala, nikalala, mpaka siku zikachanganyikana.

Sasa naishi kama mtu aliyebeba beseni lililojaa hadi ukingoni. Nafagia nusu ya chumba, najinyoosha mkekani. Mwanga wa dirisha unaupanda ukuta polepole, vumbi linaelea ndani yake, na vidole vyangu vinasuka hewani. Mara nyingi huwa ni nywele za marehemu mama, laini, zenye mvi kwa mbele. Mama haniharakishi.

Siku moja mwanamke anayeuza mkaa mtaani kwetu alisimama mlangoni, nywele timutimu.

"Nusu Kichwa, upo?"

"Nipo. Lakini leo nina nguvu za mistari michache tu."

"Basi nipe hiyo michache. Kitambaa cha kujifunika ninacho."

"Na watu wakikuuliza?"

"Nani amuulize muuza mkaa habari za nywele? Nina masizi mpaka masikioni."

Nikajiambia, nikikimaliza kichwa hiki bila kurudi kitandani, bado mimi ni msusi. Akawa anakuja, namsuka kidogo, naacha. Kusuka hakukunipa shida. Shida ilikuwa kuacha wakati vidole bado vinataka. Nikijilaza nyuma yake, naye husinzia alipokaa, kitana kimechomekwa nyweleni mwake, na chumba kizima hutulia kama maji ya mtungini.

Ilipobaki mistari ya kisogoni, mwili ulikuwa mwepesi kabisa.

"Malizia tu, shoga yangu," akasema. "Mbona leo umechangamka?"

Nikayakumbuka mablanketi. Nikaweka kitana chini.

"Kesho."

"Haya, Nusu Kichwa. Sasa jina limekukaa sawasawa."

Tukacheka. Kesho yake nikamaliza, nikamsindikiza hadi mlangoni kwa miguu yangu. Siku zilizofuata niliamka kama kawaida.

Mdogo wangu aliiona ile mistari alipokwenda kununua mkaa. Akaja kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, ule ni mkono wako."

"Ni wangu."

"Basi rudi saluni. Wateja wanakuulizia."

"Wanamuulizia nani? Yule mvivu?"

Akavitazama vidole vyake. "Dada nawe. Hayo si yameshapita?"

"Kwako yamepita."

Mwanga ulikuwa umefika juu ya mlango, saa yangu ya kujilaza. Nikajilaza yeye akiwa bado amekaa pale, na sikusikia alipotoka.

Kiti abaki nacho. Siku hizi nasukia mkekani, na wenye vitambaa wanaongezeka. Ninachomdai mdogo wangu ni maneno. Aliyasema mbele ya wanawake wa lile benchi, na mpaka leo hajayafuta. Ayafute pale pale, kwa sauti ile ile, aseme dada yangu alikuwa anaumwa.